Nani Anakushikia Meza?

Sogeeni karibu. Wasio na kazi wakae mbele, maana nafasi za mbele ndizo pekee wanazopewa bila kuulizwa experience. Wenye kazi wasikilize kwa adabu.

Katika mji wa Mlowezi waliishi vijana watatu wenye shahada moja na njaa moja. Shahada yenyewe, sosholojia. Itaje kwenye kikao cha ukoo uone wajomba wanavyokohoa. "Kusomea watu?" walimwuliza Nyamizi. "Si ungetusoma sisi hapa kibarazani, bure?"

Nyamizi alikuwa na jicho. Aliona kile ambacho wengine wamekizoea mpaka hawakioni. Mbonea alikuwa na mkono. Ukimpa mambo mia yaliyotawanyika, atayaunganisha hadi uone umbo moja. Zulfa alikuwa na mdomo, tena si wa umbea: alichukua jambo la darasani akalirudisha mtaani likiwa limevaa kanga, wenyewe wakalitambua.

Basi halmashauri ikajenga soko jipya la ghorofa, vigae vinang'aa, vyoo vya kuvuta maji. Meza zikagawiwa kwa kura. Kila muuzaji alitumbukiza mkono kwenye ndoo akatoa namba yake. Haki bin haki, au siyo? Lakini wauzaji wakagoma kuhama. Soko la zamani lilivuja na kunuka, nao wameganda mle mle.

"Ujinga tu," alisema Bwana Kitundu, afisa biashara, mwenye tumbo lililolelewa na vikao. "Hawa watu hawataki maendeleo. Full stop."

Mkurugenzi wa halmashauri akatangaza kwamba greda linakuja Jumamosi kubomoa soko la zamani. "Na atakayewahamisha bila polisi, nina nafasi moja ya afisa wa jamii. Ajira, si kujitolea."

Nyamizi aliposikia neno ajira, aliweka birika chini. Tangu amalize chuo alikuwa "anapata uzoefu", yaani anachemsha chai ya wenye uzoefu. Alikuwa analala sebuleni kwa shangazi yake, Mama Sakina, muuza dagaa wa soko lile lile. Safari hii, alijiapia, harudi na ahsante. Akawaita wenzake wawili, wakaingia kazini.

Waliotangulia wote walikuwa wamewauliza wauzaji kwa nini hawahami, wakajibiwa joto, ngazi, ushuru. Nyamizi hakuuliza. Alikaa kutwa nzima kando ya dagaa akitazama. Akaona wenye meza wanatoweka kila mara, huyu msikitini, yule kliniki, yule chooni, lakini hakuna meza inayobaki yatima. Mtu anasema "nishikie" bila hata kugeuka, na jirani anauza vya mwenzake kwa bei ya mwenzake, hela anasukumia chini ya kopo.

"Shangazi," akasema, "kule kwenye soko jipya nani atakushikia?"

Mama Sakina akacheka kwa hasira. "Kura imenitupa juu, katikati ya mafundi redio. Nimwachie fundi redio dagaa wangu? Si atawatia lehemu!"

"Mbona hamkusema?"

"Tuseme nini? Hilo nalo ni la kuiambia serikali?"

Bwana Kitundu alipopelekewa habari hiyo, alicheka mpaka akafuta macho. "Hayo ni ya shangazi yako, binti. Data iko wapi?"

Hapo Mbonea akanunua chaki. Alipita meza kwa meza na swali moja tu: ukitoka, nani anakushikia? Kisha akaingia kwenye soko jipya tupu, akapiga magoti, akachora sakafuni mstari kutoka kila meza hadi ilipo meza ya mshikaji wake. Alipomaliza, suruali ilikuwa nyeupe, na mistari ilipanda ngazi, ikashuka, ikakatizana kama uzi wa kufumia uliochezewa na paka. Majirani wa zamani walikuwa wametawanywa pande zote.

"Kila mmoja anadhani hii shida ni yake binafsi, ndiyo maana anaona aibu kuisema," Mbonea alisema. "Kumbe ni moja, ya wote, na imetengenezwa na ndoo."

Nyamizi akasisimka. Yeye alikuwa ameona uzi. Huu ulikuwa wavu.

Bwana Kitundu akaja, akatazama. "Michoro ya chekechea," akasema, akaagiza padekiwe.

Ndipo Zulfa akafunga kilemba. Akamfuata muuza sumu ya panya, akaazima kipaza sauti chake. "Akina mama, akina baba! Leo hatuhami! Tunakwenda kusimama tu, kila mtu kwenye meza aliyopewa na kura!" Wakaenda, wengine kwa udaku. Mkurugenzi naye akafika, kelele zimemtoa ofisini.

"Haya," Zulfa akasema, "jifanye umebanwa na haja. Mwite anayekushikia!"

Lo! Jengo likalipuka.

"Mama Sakina!"

"Niko huku juu!"

"Juu wapi?"

"Kwa mafundi!"

Mzee wa nyanya alimwita wa vitunguu hadi sauti ikamkauka. Walianza kwa kicheko, kisha kicheko kikafifia, maana kila mmoja alisikia kwamba si yeye peke yake anayeita. Zulfa akamgeukia Mkurugenzi. "Bosi, mlihamisha meza. Soko lenyewe mliliacha kule."

Mkurugenzi akatazama chaki chini ya viatu vyake. "Kwa hiyo wanataka nini?"

"Si hawa hapa? Waulize."

Wakaulizwa. Wakachagua majirani kwanza, ndipo kura ikapigwa kwa makundi. Jumamosi greda lilikuta mbuzi mmoja na maganda ya ndizi.

"Nafasi ni moja," Mkurugenzi akawaambia. "Na mshahara haugawanywi. Jumatatu nileteeni jina moja. Mkileta mawili, namchukua mpwa wa Bwana Kitundu, ana cheti cha kompyuta."

Wakakaa kwenye meza mpya ya Mama Sakina.

"Bila mimi," Nyamizi akasema, "mngekuwa bado mnajadili joto."

"Na bila chaki," Mbonea akasema, "ungekuwa bado unasimulia habari za shangazi yako."

"Na bila mimi," Zulfa akasema, "chaki ingekuwa kwenye ndoo ya dekio."

Hakuna aliyesema uongo. Wakamgeukia Mama Sakina.

"Msinitazame," akasema. "Mimi ni shangazi wa mmoja. Hukumu yangu itanuka dagaa."

Jumatatu wakasimama mlangoni kwa Mkurugenzi, watatu, mashati yamepigwa pasi. Walikuwa wamekubaliana jambo moja tu: nafasi ile haiendi kwa mpwa wa mtu. Katibu muhtasi akainua macho.

"Jina?"

Nyamizi akafungua mdomo.

Mwacheni hapo hapo kwanza. Msiniambie wagawane, mlango huo umefungwa. Msiniambie wapige kura, ndoo tumeshaiona ilivyofanya. Aliyeona, aliyeunganisha, na aliyewafanya wenyewe wasikie shida yao: mwondoe yeyote kati yao, greda lingepita juu ya watu.

Katibu anangoja, kalamu mkononi. Je, wewe ungeamua vipi?