Nani Akalie Kiti cha Mninga?

Sogeeni, sogeeni. Na wewe uliyenuna pale nyuma kunjua uso, hadithi yenyewe si ndefu. Ila nawaambia mapema: mwisho wake sinao. Mwisho mtautoa ninyi, na mkigombana msinitaje.

Palikuwa na watu watatu pale Muheza. Bi Chausiku, muuguzi mstaafu, alijaliwa jicho: kitu kikipinda kidogo tu, yeye ameshakiona. Mzee Shemzigwa, mchonga vitanda, alijaliwa mikono, mti mgumu ukifika kwake unalainika. Na Mhina, fundi baiskeli, alijaliwa kifua: jambo likiingia humo halitoki na makelele. Katikati yao alikuwepo Sikudhani, mke wa Mhina.

Huyu Sikudhani alichonga maua kwenye vitanda vya karakana ya watu kwa miaka kumi na mmoja. Maua? Ua moja tu! Petali tano, jani kushoto, jani kulia, basi. Akisema, "Bosi, leo nijaribu la mkorosho," anajibiwa, "Mama, chonga ulichoagizwa."

Siku moja baba yake, Mzee Semkiwa, alitoka kijijini kuja kumtazama mwanawe kazini. Getini akaambiwa wageni hawaingii. Akakaa juu ya jiwe saa mbili nzima, hadi Sikudhani alipotoka kula. Wala hakulalamika. Alicheka, akamshika bega.

"Mwanangu, nyumbani kuna ubao wa mninga, nimeutunza tangu hujaolewa. Siku ukiwa na mahali pako mwenyewe pa kazi, nitengenezee kiti, nikae nikutazame unavyochonga. Na nisipowahi, usikiache bure. Mkalishe aliyekufikisha hapo."

Hakuwahi. Mwezi haukuisha, wakamzika.

Sikudhani alirudi kazini siku ya nne, machozi yamemziba macho, na mkono wake ukachonga ua la petali sita. Alipogundua, kitanda kilishapakiwa kwenye gari. Akakaa roho juu, akingoja kufukuzwa.

Kitanda kile kilinunuliwa na Bi Chausiku. Alikuwa amevunjika mguu, kutwa amelala, hana kazi ila kupapasa maua ya kichwani mwa kitanda. Akahesabu: tano, tano, tano, sita. Akahesabu tena. Mguu ulipopata nguvu akajikongoja hadi karakana, wakamrudisha. Akaenda tena, wakamrudisha. Mara ya tatu akasimama nje hadi mafundi walipotoka, akawauliza mmoja mmoja hadi akamfikia Sikudhani.

"Ni wewe wa petali ya sita?"

"Nisamehe, mama. Nilikuwa na msiba."

"Nikusamehe nini? Ua lililo hai kwenye kitanda kizima ni hilo hilo! Nataka mlango. Chonga moyo wako unavyotaka."

Akaung'oa mlango wake wa zamani ili vipimo vipatikane sawasawa, akatundika shuka. Mlango wa kwanza ulipasuka katikati. Sikudhani akaja kumwambia huku analia. "Anza mwingine," Bi Chausiku akasema. Miezi mitatu, hadi wa pili ulipokamilika, mama wa watu aliishi nyuma ya shuka, mbuzi wa jirani wakiingia kumjulia hali.

Haya, lakini mlango hauchongwi kwa kucha. Patasi zote zilikuwa mali ya karakana, isipokuwa tisa za Mzee Shemzigwa, fundi mwenzake humo, alizoachiwa na marehemu baba yake. Akamwita Sikudhani pembeni, akamkabidhi zote zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa.

"Chukua, mwanangu. Mikono yangu imeanza kutetemeka, nitaharibu kazi za watu."

Tangu siku ile mzee akawekwa kwenye msasa, kazi ya wanaoanza, vumbi hadi kwenye kope. Sikudhani alipokwenda kumsalimu kwake, mzee akammiminia chai. Akakijaza kikombe hadi ukingoni, akampa. Haikumwagika hata tone. Wakatazamana. Sikudhani akanywa chai yake, akaenda kulilia nyumbani.

Na patasi bila mahali pa kufanyia kazi ni mzigo tu. Nyumba yao ilikuwa na kibaraza kimoja, na hapo ndipo Mhina alipotengeneza baiskeli. Asubuhi moja Sikudhani akatoka, akakuta kibaraza kitupu, kimefagiwa.

"Mhina! Baiskeli ziko wapi?"

"Nimehamia kule kwenye mashine ya kusaga. Pana upepo mzuri."

Upepo gani! Pana jua la kukaangia mayai. Mwaka mzima mwanaume aliungua shingo, mvua ikija anajifunika gunia, na akirudi nyumbani anauliza kwanza, "Leo umechonga nini?"

Basi Sikudhani akaacha karakana, akajiajiri. Siku kavu zipo, siwadanganyi. Lakini mtoto akipata homa, patasi zinawekwa chini na mama anabaki na mwanawe, bila kumpigia mtu magoti. Akiamka na hamu ya ua la mkorosho, anachonga la mkorosho. Nyuma ya kila kazi anaandika jina lake. Na anayetaka kumtazama akichonga anapita tu, maana geti halipo. Kila mgeni akiingia, Sikudhani humkumbuka baba yake juu ya lile jiwe, na moyo humuuma.

Ijumaa moja akakimaliza kiti cha mninga. Akaita watu kwa dua ndogo ya kufungua kibaraza rasmi. Wale watatu wakafika, na kiti kikawa pale, kimoja.

"Kaa, Bi Chausiku," Mhina akasema. "Wewe ndiye uliyemwona."

"Nimwone halafu achonge kwa meno? Kaa, Mzee Shemzigwa."

"Mimi nilitoa vyuma tu. Huyu mwenye shingo nyeusi ndiye akae."

"Mimi ni mumewe," Mhina akasema. "Mume hahesabiwi."

Nakuona wewe hapo, unataka kusema achonge viti vingine viwili. Achonge hata ishirini! Baba aliacha ubao mmoja na neno moja. Bila jicho la Bi Chausiku, Sikudhani angeamini hadi leo kwamba lile ua ni kosa. Bila patasi za Mzee Shemzigwa, ua lingebaki kichwani. Bila kibaraza cha Mhina, angekuwa bado ndani ya geti la watu.

Sikudhani amekifuta kiti kwa upindo wa kanga yake. Analia, anacheka, yote pamoja. Ubani umeshawashwa, patasi iko mkononi, na kiti cha baba kinangoja mtu wa kumtazama akichonga.

Je, wewe ungemkalisha nani?