Difu ya Marehemu Beda

Watu wengi hudhani kwamba mkono unaotoa ni ule uliojaa. Wakipatwa na shida hukimbilia kwenye geti la tajiri, na maskini humpita kama wapitavyo kisiki cha njiani. Yaliyomkuta Fausta, mjane wa Ruhuwiko hapa Songea, yanaonyesha kwamba sivyo mambo yalivyo.

Fausta alikuwa na nyumba isiyo na paa. Marehemu mumewe, Beda, aliijenga kwa kudunduliza mpaka ikafika kwenye renta, ule ukanda wa zege juu ya madirisha, kisha ikasimama hapo miaka na miaka. Familia ikabaki kubanana katika vyumba viwili vya uani, vilivyoezekwa bati kuukuu lililotoboka kama chekecheke. Nyumba kubwa, badala ya kukaa watu, ikakaa vyuma. Beda alikuwa dereva na fundi wa magari, na mapenzi yake yote yalikuwa kwenye Landrova za zamani, zile zenye umbo la sanduku. Kila aliposikia karakana imefungwa, au gari limeozea shambani kwa mtu, alikwenda. Alirudi na giaboksi, difu ya kuzungusha magurudumu, kabureta, taa, usukani, milango, vioo. Alivisafisha, akavipaka grisi na kuvipanga chini ya turubai katika chumba kilichokusudiwa kuwa sebule. Alitaka siku moja aunge gari zima kwa mikono yake.

"Vyuma vyako vinalala pakavu, sisi tunanyeshewa," Fausta alizoea kumwambia, na hakuwa akitania.

Mwezi wa nne, wakati mahindi yanakaribia kukauka shambani, Beda alianguka uani kwa kiharusi. Fausta alipiga yowe. Jirani mmoja, ambaye hata hawakuwa na mazoea naye, alikuwa akipita na gari lake limesheheni matofali. Alisimama, akayamwaga matofali yote barabarani, mengine yakavunjika vipande vipande, akampakia Beda na kumkimbiza hospitali. Beda hakupona. Hata hivyo alikufa kitandani, baada ya siku chache, mkewe akiwa amemshika mkono na binti yao Benigna akimsomea sala. Waliagana. Fausta alimshukuru Mungu kwa hilo hata pale alipokosa la kumshukuria.

Arobaini ilipopita, matanga yakiwa yameanuliwa na jamaa wametawanyika, mjane yule alitazama juu akaona mbingu na kutazama mbele akaona masika. Akapiga moyo konde, akaenda mjini kwenye duka la vifaa vya ujenzi la shemeji yake Mathias, mdogo wa Beda. Bati zilikuwa zimerundikwa humo mpaka zikakaribia dari.

"Shemeji, nikopeshe bati za vyumba vitatu tu," alimsihi. "Nitalipa kidogo kidogo."

Mathias alikuna shingo. "Shemeji, nakuheshimu sana. Lakini dukani hakuna undugu. Nikimkopesha mmoja leo, kesho ukoo mzima uko mlangoni. Uza yale makorokoro ya kaka. Pale umelalia mali."

Fausta alirudi nyumbani. Ila neno la kuuza lilimwingia. Benigna, aliyekuwa amemaliza chuo na bado hajapata kazi, alilidaka mara moja. Alivitoa vipuri uani kimoja kimoja, akavifuta vumbi, akavipiga picha juu ya shuka jeupe na kuvitangaza mtandaoni katika kundi la wapenzi wa magari ya zamani. Kila picha aliiandikia maelezo yake kwa kutumia vikaratasi vya maelezo ambavyo baba yake alivifunga kwa waya kwenye kila kimoja. Kazi hiyo ilimchukua wiki nzima. Mara nyingine aliinama muda mrefu juu ya kipuri kimoja, na mama yake alijua kuwa hatafuti mwanga mzuri wa picha, alikuwa analia.

Walioanza kujibu walikuwa wenye kejeli. "Dada, hivyo ni vyuma chakavu, peleka kwenye mizani," aliandika mmoja. Kisha, mwezi wa kumi, akajitokeza mwanamume aitwaye Tumsifu, mfanyabiashara wa Dar es Salaam. Alipiga simu ya video, akawazungusha katika ukumbi wake wenye Landrova za kale zinazong'aa kama vyombo vya arusi.

"Mama, pole na msiba," alisema kwa adabu. "Nachukua vyote. Nitakupa bei ya kuezeka nyumba yako yote, na fundi utamlipa humo humo. Ila ile difu ya mbele iliyo kwenye sanduku la mbao, ambayo haijawahi kufungwa kwenye gari, lazima iwemo. Hiyo ndiyo roho ya mzigo. Nisipoikuta sinunui hata skrubu. Jumamosi ijayo naleta lori."

Siku hiyo Fausta na bintiye walicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Benigna alichukua kipande cha mkaa, akachora ukutani mahali atakapoweka kitanda chake.

Siku mbili kabla ya Jumamosi, adhuhuri, mzee mmoja alibisha hodi. Alikuwa amevaa kofia ya kufuma na koti lililofubaa kwa vumbi la safari, na mkononi alishika kifuko cha korosho.

"Shikamoo baba," Fausta alimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Naitwa Daimu. Nimetoka Tunduru, kule ndani zaidi, ng'ambo ya Mbesa. Binti yangu Subira aliona picha kwenye simu yake. Nikasema simu haitoshi, jambo hili niende kwa miguu yangu."

Alikaribishwa kiti na maji. Alikunywa, akashukuru, kisha akaeleza shida yake pasipo kuipamba. Kijijini kwao kulikuwa na gari moja tu, Landrova aliyoirithi kwa kaka yake. Kiangazi ilibeba korosho. Masika, barabara ilipogeuka uji na pikipiki zikashindwa, ilibeba wagonjwa na wajawazito kuwapeleka hospitali ya misheni Mbesa. Mwaka uliopita difu ya mbele ilisagika. Magurudumu ya nyuma peke yake hayakuweza kulitoa gari kwenye tope.

"Niliwauliza mafundi wa Tunduru, Masasi, hadi Lindi. Kila mtu aliniambia hiyo haipatikani tena." Mzee aliitazama sakafu. "Masika yale Subira alishikwa na uchungu. Tulikwama bondeni, mwanangu. Vijana walisukuma mpaka viatu vikabaki kwenye tope. Mtoto alizaliwa humo garini, hakulia. Mungu alimwachia mama yake, alhamdulillahi. Na sasa ana mimba nyingine."

Daimu alitoa bahasha. "Hii ni ya korosho zetu za mwaka huu, za nyumba kadhaa. Najua haifikii thamani yake. Kama mtakubali, nyingine tutaleta msimu ujao, inshallah."

Fausta alitoka nje uani, akampigia Tumsifu na kumweleza yote. "Baba, nakuomba. Punguza bei utakavyo, ila difu hii niachie nimpe mzee. Wewe kule nimeona unazo mbili za namna hiyo, zimekaa kwenye kabati la kioo."

"Ninazo mbili ndiyo, na hiyo ni ya tatu," Tumsifu alijibu bila hasira. "Mama, mimi ni mkusanyaji. Shida za barabara za vijijini si zangu wala si zako. Ukianza kuuza kwa huruma hutaezeka hata choo. Ikiwemo nakuja. Isipokuwemo, nakutakia kila la heri."

Simu ikakatika. Benigna, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikiliza, alimsogelea mama yake.

"Mama, namwonea huruma yule mzee. Na sisi je? Nani anatuonea huruma sisi?"

Fausta aliingia katika nyumba isiyo na paa, akakaa juu ya lile sanduku huku jua likimchoma utosini. Aliwaza bati, mbao, misumari. Aliwaza masika mengine ya kuhamisha vitanda kukwepa matone. Kisha, bila kutaka, akaisikia tena ile sauti ya matofali yakimwagika barabarani. Mwenye matofali yale hakumwuliza nani atamlipa. Hakuuliza hata jina la mgonjwa. Kama angefunga breki, akahesabu hasara, akaendelea na safari, Beda angekata roho pale uani, kwenye vumbi, bila kuaga mtu.

Aliporudi, macho yalikuwa mekundu lakini uso umetulia kama maji mtungini.

"Baba, bahasha yako irudishe mfukoni," alimwambia Daimu. "Itakusaidia kumlipa fundi na nauli ya mzigo kwenye basi. Difu chukua."

"Nichukue kwa bei gani, mwanangu?"

"Sikuuzii. Nimekupa."

Mzee Daimu alisimama, akakaa, akasimama tena. Mwishoni alifunika uso kwa kofia yake, mabega yakatikisika. Benigna aligeuka na kuondoka, hakutaka kuona. Kesho yake asubuhi sanduku lilipakiwa kwenye basi la Tunduru, na Jumamosi lori halikuja.

Habari zilimfikia Mathias, akaja juu kama moto wa kifuu. "Shemeji, umerogwa? Mtu hujui kwao wala baba yake, umempa mali ya marehemu bure! Yule ni tapeli. Hivi sasa keshaiuza kwa hao hao matajiri, na pesa anakula kwa kicheko!"

"Inawezekana," Fausta alijibu.

"Inawezekana? Ndivyo unavyosema?"

"Nimekwisha kutoa, shemeji. Yaliyobaki ni yake na Mungu wake."

Yalikuwa maneno ya kijasiri, lakini ndani ya moyo wake shaka ilimtafuna kama mchwa. Benigna alipunguza mazungumzo. Akijibu, alijibu kwa mkato. Vipuri vilivyobaki viliuzwa kimoja kimoja: mtu wa Iringa alichukua kabureta, mwingine wa Arusha akachukua taa na milango. Fedha iliyopatikana ilitosha kuezeka vyumba viwili vya nyumba kubwa, tena kwa bati nyembamba. Mvua za Desemba zilipoanza, sebule ilijaa maji, na alama ya mkaa aliyoichora Benigna ukutani ikafutika. Kutoka Tunduru hapakuja hata salamu. Fausta alipiga namba ya mzee mara kadhaa bila kuipata. Usiku mvua ilipopiga kwa nguvu, alijiuliza kama kweli yeye si mpumbavu, na hakupata usingizi mpaka kulipokucha.

Mwezi wa pili, Jumapili baada ya misa, Mathias alikuja kuwajulia hali. Walikuwa wakinywa chai katika kimojawapo cha vyumba vile viwili wakati simu ya Benigna ilipoita kwa namba ngeni. Benigna alisikiliza kidogo, uso ukabadilika, akaiweka simu mezani ili wote wasikie.

"Mama Fausta? Shikamoo. Mimi ni Subira, binti wa mzee Daimu." Sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka, na nyuma yake kitoto kichanga kilikuwa kikilia kwa hasira zote. "Nipo hospitali Mbesa. Nimejifungua jana, mtoto wa kike. Mtusamehe kwa kimya. Simu ya baba iliingia maji mtoni, na mnara wa kwetu ulizimika tangu mvua ilipoanza. Nimepata namba yenu leo kwenye lile tangazo la vipuri. Jana lile bonde lilikuwa limejaa tope mpaka magotini. Baba aliingiza gia ya magurudumu ya mbele, gari likapanda taratibu, halikusimama. Mimi ni wa sita kupita hapo masika haya. Watano walionitangulia wapo hai."

Benigna aliinuka, akapiga magoti mbele ya mama yake na kulaza kichwa mapajani pake, kama alivyofanya alipokuwa mdogo. Kule Mbesa kitoto kiliendelea kulia, na hapa Ruhuwiko watu watatu waliendelea kukisikiliza, hakuna aliyetaka simu ikatwe.

Mathias aliishika chai yake mpaka ikapoa. Aliangalia juu, kwenye bati nyembamba. Akaangalia mlangoni, ambako sebule ilionekana ikiwa wazi chini ya mawingu.

"Na bado hujapata bati za upande ule," alisema polepole.

"Bado, shemeji."

Alitikisa kichwa, akaaga, akaenda zake. Siku ile hakusema zaidi, wala kesho yake hakuleta bati. Dukani kwake zilibaki zimerundikwa hadi darini, na kule Dar es Salaam difu mbili ziliendelea kung'aa ndani ya kabati la kioo, zisimvushe mtu yeyote tope lolote. Aliyetoa ni yule aliyekuwa akinyeshewa. Ndiyo maana wahenga hawakupepesa maneno waliposema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.