Mgeni Rasmi wa Bonde

Ko! Ko! Ko!

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majembe na majirani, mlio huo ulimwamsha Bi Digidigi usiku wa manane. Akamvuta mwanawe Kinyemi ubavuni, akachungulia kwenye nyasi, na, mama wee, alikuwa Tembo anapigilia vigingi!

"Shikamoo, Baba Tembo. Kulikoni?"

"Marahaba. Napima kiwanja. Hapa nashusha jumba, ukuta pande zote."

"Na mashamba yetu? Na nyasi ninamoficha mtoto?"

"Mtahama! Bibi Kobe, mwenye bonde hili, analitoa kwa atakayemjazia ghala chakula cha uzeeni. Nyinyi mtajaza nini, makapi?"

Bi Digidigi hakulala tena. Kulipokucha akakimbia mlango kwa mlango, changeni jamani, bonde libaki shamba na malisho, hata kidogo, changeni! Wakachanga. Kanga alileta kunde, Nungunungu mihogo, Fisi akaleta mfupa, tena umeshatafunwa. Hata sakafu ya ghala haikufunikwa.

"Tumekwisha," Kanga akasema.

Mara Bi Digidigi akaruka, chupu! Huyoo, kwa Tembo.

"Baba Tembo, kesho tuna harambee ya bonde. Tunakuomba uwe mgeni rasmi."

Masikio ya Tembo yakasimama. "Mgeni rasmi? Mimi? Nitakaa wapi?"

"Mbele ya wote, kwenye kiti chenye kitambaa. Na shada la maua shingoni. Ila mgeni rasmi, unajua tena, hachangi kama watu wa kawaida."

"Wa kawaida, mimi? Ebo!"

Kesho yake, ngoma na vigelegele. Tembo, shada shingoni, akanguruma: "Leteni magunia yangu yote!" Puu! Puu! Puu! Ghala likajaa mpaka mlango ukagoma kufungwa.

Bibi Kobe akachomoza kichwa. "Nimeridhika. Sasa bonde nimpe nani?"

"Wape wenyeji, Bibi," Bi Digidigi akasema haraka.

"Macho yangu haya! Wenyeji ni nani hapa?"

"Sisi!" wakajibu wote.

"Na huyu mkubwa?"

Tembo akainua mkonga, akapaza sauti mpaka majani yakapukutika: "Mimi ni mgeni! Mgeni rasmi!"

"Karibu sana, mgeni. Basi bonde nawapa wenyeji. Walime, wachunge, asijenge mtu."

Kwa-kwa-kwa! Fisi akagaagaa chini kwa kicheko.

Tembo aling'oa vigingi vyake mwenyewe, shada bado shingoni. Ukipewa jina kubwa, wanangu, uliza kwanza maana yake.

Alipofika kwenye nyasi za Kinyemi akainama, akanong'ona: "Bi Digidigi, nakusihi, ndugu zangu kule mtoni wasijue."

"Hapa wanajua wote, Baba Tembo," akasema Bi Digidigi, akimlamba mwanawe masikio. "Lakini zaidi ya hawa, haki ya Mungu, simwambii mtu mwingine."