Jiko la Wakuu Watupu

Hapo zamani, enzi ambazo kila mji ulikuwa na sultani wake na kila sultani alikuwa na mtu wa kumjaza maneno, Sultani Nasibu alitawala mji wa Ungamo. Jumbani mwake alifanya kazi mjane mmoja fukara, jina lake Mize, muosha masufuria. Ujira wake ulikuwa ukoko: wali ulioshika chini aliukwangua, akawapelekea watoto wake watano. Siku jiko lilipowaka, walikula. Siku lisipowaka, walikunywa maji wakalala.

Watu walimwita zuzu, maana alifanya kila jambo kama lilivyosemwa. Siku moja Waziri Shaali alimwambia, "Sugua hizo sufuria mpaka nione uso wangu." Mize akasugua, kisha akawa anazipeleka barazani moja moja, mbele ya wazee, akiuliza, "Huu ndio uso wako, Bwana, au nikasugue tena?" Tangu hapo Waziri hakumpenda.

Basi ikawa Waziri akasafiri miezi mitatu, akarudi na elimu mpya.

"Maulana," akasema, "jumba lako limechakaa kwa desturi. Mmoja anaamuru, kumi wanatumwa. Huko nilikotoka kila mtu ni kiongozi."

"Na kazi inafanywa na nani?"

"Inafanyika, Maulana."

Jibu hilo likampendeza Sultani kwa ufupi wake. Ikapigwa mbiu mji mzima: kila aliye chini ya Sultani, tangu leo ni kiongozi, atakayeonekana akitumwa na yeyote atatolewa jumbani yeye na wanawe. Amri ikatiwa muhuri, vilemba vikagawiwa. Sikudhani, aliyekuwa akipuliza moto, akawa Mkuu wa Moto. Chausiku, aliyekuwa akikuna nazi, akawa Mkuu wa Nazi. Mchota maji, mpepeta mchele, bawabu, hata mfagiaji wa banda la punda, wote wakawa wakuu.

Kisha Waziri akamgeukia Mize. "Wewe, Mkuu wa Masufuria, ndiwe utakayewavusha wenzako katika mabadiliko haya. Ijumaa Sultani ana wageni arobaini. Wasipokula, utatoka wewe na jiko zima."

"Nitawavusha kama ilivyoamriwa, Bwana."

"Usizidishe wala usipunguze."

"Nizidishe nini, na mimi nina mikono miwili tu?"

Mize akarudi kwake akitafakari. Wakifanya kazi kama zamani, mmoja atamtuma mwingine na watafukuzwa. Wasipofanya, wageni hawatakula na watafukuzwa vilevile. Akawatazama wanawe watano wakigombea kipande cha ukoko, akaona hana njia ila kutii amri, na kuitii mpaka mwisho wake.

Ijumaa asubuhi akawapanga wenzake jikoni, kila mmoja na kilemba chake. Sikudhani akasimama mbele ya kuni, akaziamuru ziwake. Chausiku akazihutubia nazi juu ya wajibu wao. Mkuu wa Maji akaelekeza bakora upande wa kisima, akangoja. Waziri akapita, akachungulia, akaenda kumpasha Sultani habari kwamba jiko limetulia kuliko siku zote.

Wageni wakatoka msikitini, wakaketi, wakanawa mikono, wakangoja mpaka mikono ikakauka. Sultani akashuka jikoni mwenyewe, Waziri nyuma yake.

"Mbona sioni moshi?"

"Mkuu wa Moto yupo, Maulana," Mize akajibu. "Wa kupuliza ndiye hayupo."

"Basi puliza wewe."

"Mimi ni Mkuu wa Masufuria. Nikionekana nimetumwa nitatolewa, na nina watoto watano."

"Waziri, puliza."

"Waziri ni Mkuu wa Mabadiliko," Mize akasema. "Tukimtuma tutampoteza, nasi bado tunamhitaji."

Waziri akaafiki upesi.

"Nimeifuta amri," akasema Sultani.

"Amri hufutwa kwa mbiu, Maulana, na mpiga mbiu sasa ni Mkuu wa Mbiu. Hapigi tena. Anasimamia."

Sultani akawatazama wote. "Basi katika jumba hili nani anayeweza kutumwa?"

Sikudhani akatazama kuni. Chausiku akatazama nazi.

"Amri inasema kila aliye chini ya Sultani ni kiongozi," Mize akasema taratibu. "Nimewahesabu wote. Aliyebaki ni mmoja, naye hayuko chini ya Sultani. Wageni wana njaa, Maulana. Ndoo ile pale."

Basi Sultani Nasibu, kwa kuwaogopa wageni wake kuliko aibu yake, akakunja kanzu akachota maji. Akapiga magoti akapuliza moto, machozi yakamtoka. Akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akakuna na vidole. Wakuu kumi na mmoja wakamzunguka, huyu akisema ongeza kuni, yule punguza. Chausiku akamwambia, "Mwanangu, ikunje miguu hiyo, unakuna nazi au umepanda farasi?" Waziri akamshauri aone fahari katika safari hii ya mabadiliko.

Wali ukatoka mbichi juu na mkaa chini. Wageni wakaula kwa heshima, wakaaga mapema.

Sultani akaichukua ngoma ya mbiu akaipiga kwa mkono wake, akaifuta amri. Kisha akamtazama Waziri, uso usio na masizi na kilemba kisafi, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mize, kuanzia leo jiko ni lako. Utapata gunia la mchele kila mwezi, wanao wale wali wa juu. Unataka jingine?"

"Mchota maji wa pili, Maulana. Mmoja hatoshi, nasi tumesema miaka yote, hakuna aliyeuliza."

"Mchukue Waziri."

Waziri Shaali akavuliwa kilemba, akapewa ndoo. Akasimama nayo mlangoni, akamwuliza mchota maji wa zamani, "Sasa kati yetu, kiongozi ni nani?"

Mchota maji alikuwa amekwisha kufika kisimani.