Waliotukanana Matangani

Nyamizi alikuwa akichemsha maji ya chumvi, moshi umemjaa machoni, pembe ya Mtemi ilipolia na mjumbe akapaza sauti: kila nyumba ya kijiji cha Kizugu itoe kijana mmoja. Utemba inakwenda kuipiga Kisoza.

Utemba ilikuwa dola kubwa. Upande wa mawio ilikuwepo Kisoza, upande wa machweo Murunga. Zote mbili hazikuitaka Utemba, na toka moja hadi nyingine ni safari ndefu ya kuizunguka Utemba nyikani. Wapelelezi wa Mtemi walikuwa wamewakuta watu wa Murunga matangani kule Kisoza, wakimtukana marehemu mbele ya wajane wake. Wakarudi na taarifa: "Hao wanachukiana. Tukimpiga mmoja, mwenzake atashangilia."

Sasa, Kizugu walikuwepo watu watatu. Nyamizi, muuza chumvi, alikuwa na macho. Kapufi, jirani yake, alikuwa na miguu. Kalunde, aliyekwenda kuwa mpishi wa Mtemi akawaacha wanawe kwa mama yake hapo kijijini, alikuwa na ulimi. Kila mmoja alikuwa na wavulana wawili, basi.

Nyamizi alikuwa kwenye matanga yaleyale akiuza chumvi. Aliwasikia watu wa Murunga wakisema, "Mlafi huyu, hata kaburi litamtapika!" Lakini aliona pia nani alishika majembe. Ni haohao. Wao walimwosha maiti, wao walichimba.

"Ni watani," akamwambia Kapufi. "Walipigana zamani mpaka wakachoka, wakabaki na utani. Ukimgusa mmoja, wa pili anakujia kwa nyuma. Wanetu watakwisha huko. Kamwambie Kalunde."

Kapufi alikuwa na kidonda unyayoni. "Umekosa mwenye miguu mizima?" aliuliza, huku anafunga nguo yake kiunoni. Alipita porini, kwa sababu aliyekutwa barabarani alibebeshwa mizigo ya vita. Alifika jikoni kwa Kalunde akitambaa. Mguu ule haukupona tena.

Kalunde alipeleka chakula barazani. Ukoo wake na wa Mtemi ni watani, lakini tangu atawazwe hakuna aliyethubutu kumtania. Akaweka bakuli chini.

"Kula, tumbo kama ngoma," alisema mbele ya wazee wote. "Ukifa tutakosa shimo la kukutosha."

Askari akainua mkuki. Mtemi akamtazama Kalunde, kisha akacheka mpaka akatoa machozi.

"Shimo utachimba wewe, mchawi mkubwa!"

"Nitachimba. Sasa waulize wapelelezi wako, kule Kisoza kaburi lilichimbwa na nani?"

Mtemi akaacha kucheka. Akawauliza. Hawakujua, hawakungoja mazishi. "Walichimba watani wao wa Murunga," Kalunde akasema, "kama mimi nitakavyokuchimbia wewe."

Vita vikaahirishwa. Kizugu wakapiga vigelegele, na havijaisha vizuri, mjumbe akarudi, Kalunde akiwa nyuma yake. Mtemi alikuwa amefikiri upya. Kwa kuwa Kisoza na Murunga ni kitu kimoja, zitapigwa zote pamoja. Kila nyumba itoe vijana wawili badala ya mmoja. Ila kwa shukrani, nyumba moja tu itasamehewa, ya yule aliyemwepusha Mtemi na maangamizi. Kalunde alikuwa amewataja wenzake wawili, basi watatu hao wakubaliane wenyewe, jina litolewe asubuhi.

"Nisingeona, mngejua nini?" Nyamizi alisema.

"Ungeona, ukachemsha na chumvi yako," Kapufi akajibu. "Nani alitembea?"

"Mlikuwa na maneno tu," Kalunde akasema. "Mimi niliweka shingo."

"Na shingo bado unayo, dada. Niangalie mguu."

Mke wa Kapufi akasema, "Mngenyamaza wote, tungetoa mmoja mmoja."

"Na wasingerudi," Nyamizi alisema.

"Hawa watarudi?"

Giza liliingia hawajaamua, na watoto wana njaa. Nyamizi akasonga ugali wa nyumba zote tatu, akapakua na mboga. Kabla hawajanawa, alihesabu vichwa kwa mwiko: wawili wa Kapufi, wawili wa Kalunde, wawili wake. Wote wapo.

"Kuleni," alisema.

Mjumbe amelala hapo nje, anangoja jina. Je, ungekuwa wewe, ungetaja nyumba ya nani?