Mwalimu wa Vanila na Jirani Yake

Mtu mmoja alikuwa na ujuzi ambao kijijini kwake hakuna mwingine aliyekuwa nao. Jina lake Kaijage. Ujanani alifanya kazi katika shamba la watu wa mbali, na huko akajifunza kulima vanila. Aliporudi nyumbani alikuja na marando machache ndani ya gunia lililoloweshwa maji, akayapanda kwenye mashina ya mibono, pembeni mwa migomba. Watu walimcheka kwa kuhudumia mmea usioliwa. Miaka mitatu baadaye, alipoezeka nyumba yake kwa bati, hawakucheka tena.

Ua la vanila hufunguka alfajiri, na jua likifika utosini ua limekwisha kufunga. Halifunguki mara ya pili. Na huku kwetu hakuna mdudu anayelijua. Ni lazima mtu aje na mwiba wa mlimau, ainue kile kiutando kilicho katikati, kisha abonyeze dume juu ya jike kwa kidole gumba. Ua lililoguswa hivyo huzaa. Lisiloguswa huanguka.

Kaijage hakuwa mchoyo, hilo lisemwe. Jirani yake Kokugonza, mjane ambaye migomba yake ilikuwa imemalizwa na mnyauko, alipomwomba msaada, alimpa marando na kumfundisha. Misimu miwili walisimama bega kwa bega kila asubuhi ya maua. Mama yule akawa anamwita Mwalimu, na jina hilo lilimfurahisha Kaijage kuliko bati lake.

Lakini vidole vya Kokugonza vilikuwa vyepesi. Msimu wa tatu shamba lake lilizaa kuliko la mwalimu wake. Tena hakuficha kitu. Alimfundisha kila aliyekuja, hata wale ambao Kaijage asingewafundisha, na habari zake zikafika vijiji vya mbali. Siku moja wageni watano walisimama uani kwa Kaijage. Akatoa viti, akavifuta vumbi. Mmoja wao akasema, "Samahani mzee, kwa yule mama anayefundisha vanila ni wapi?" Akawaonyesha kwa mkono. Kisha akavirudisha viti ndani, hakuna aliyevikalia.

Tangu hapo wivu ulikaa naye nyumbani kama mgeni asiyeaga. Aliuita majina mengine. Alisema ni uchungu wa kukosa shukrani, ingawa Kokugonza hakuwahi kupita bila kumwamkia. Hata neno Mwalimu, alipolisikia kinywani mwa mama yule, alilisikia kama kejeli.

Maua yalipoanza kuchanua msimu wa nne, mama mzazi wa Kokugonza alianguka akavunjika nyonga. Kokugonza akaondoka naye kwenda hospitali ya wilaya, akakaa huko kumwuguza. Wale aliowafundisha wakamwendea Kaijage. Walitaka wagawane shamba la mwenzao, kila mtu safu mbili, kabla hajaenda kwenye shamba lake. Kaijage akawaambia, "Msihangaike. Mimi ndiye jirani. Niachieni." Wakamwachia, maana ndiye aliyeuleta ujuzi ule kijijini.

Asubuhi ya kwanza alikwenda na mwiba wake mkononi, na nia alikuwa nayo. Akasimama mbele ya shina la kwanza. Maua yalikuwa mengi kuliko yake. Akasema moyoni, nitaanza na ya kwangu. Mchana ulipofika hakuwa amerudi, wala hakuwa amesahau. Asubuhi ya pili alikwenda kutazama tu. Asubuhi ya tatu alikaa juu ya jiwe, akayaangalia maua yakifunguka, na aliporudi adhuhuri akayaangalia yakifunga. Siku kumi na moja zikapita hivyo. Hakukata rando hata moja. Hakuna aliyemwona akitenda ubaya, kwa kuwa hapakuwa na cha kuona.

Kokugonza alirudi, akakuta maua yake chini, yamesinyaa. Mchana uleule akaenda kwa Kaijage. Kaijage alimsikia akibisha hodi, akajiandalia maneno ya ugomvi. Lakini mama yule alikuja na chane ya ndizi mbivu na kibuyu cha maziwa, akamtazama kwa huruma, akasema, "Mwalimu, pole. Ulikuwa unaumwa nini?"

Hapo angeweza kusema kweli. Mlango ulikuwa wazi. Akajibu, "Mgongo."

"Na hukumwambia mtu," Kokugonza akasema. "Basi usiinuke. Maua yako yaliyobaki nitayashughulikia mimi."

Kesho yake, jua lilipochomoza, Kaijage alikuwa kitandani, mgongo wake ukiwa mzima kabisa, blanketi hadi kidevuni. Alisikia nyayo zikiingia shambani mwake. Zikafika kwenye shina la kwanza, zikasimama. Zilisimama muda mrefu. Kwenye shina lile palikuwa na maganda machanga ya kijani, marefu kama kidole, yaliyotunga katika siku zilezile kumi na moja. Mtu anayeijua vanila hahitaji kuambiwa ganda lina siku ngapi. Kaijage akafumba macho akangoja aitwe jina lake.

Hakuitwa. Nyayo zikaenda shina la pili, kisha la tatu.

Siku tisa mama yule alikuja kila asubuhi akishamaliza maua machache yaliyobaki kwake. Siku tisa Kaijage alilala, kwa maana angetoka nje angekuwa amepona. Majirani walimletea uji, wakampa pole dirishani, naye akaitikia. Msimu ule shamba lake lilizaa kuliko misimu yote iliyotangulia, na la Kokugonza likatoa kikapu kimoja. Kokugonza anamwamkia Mwalimu mpaka leo. Hajamwuliza tena habari za mgongo.

Ninyi wenye ujuzi ambao jirani yenu anautegemea kuishi, niambieni: ni ugonjwa gani uliomlaza Kaijage kitandani?