Kichachu na Kiraka cha Mgeni

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa kibuyu.
— Kimejaa nini?
— Kimejaa maziwa.
— Basi tikisa, Shangazi Kabula, tunywe!

Sogeeni. Milembe, wewe njoo uegemee kwangu, miguu iwe juani. Najua hiyo siko seli, huo ugonjwa wa damu inayojipinda, imekusumbua mifupa wiki nzima.

Mnauona huu mtindi ninaouza? Mnadhani mimi ndiye ninayeugandisha. Mimi natia maziwa kibuyuni na kukaa zangu. Anayegandisha ni Kichachu, kidudu kidogo hata jicho halikioni. Chovya kidole, na hapo kidoleni wamekaa Kichachu wengi kuliko watu wa soko zima.

Kichachu halimi wala hachungi. Anakula sukari ya maziwa, anatoa uchachu. Anakula, anatoa uchachu. Akishiba anajigawa katikati, chap, wanakuwa wawili.

Sasa palikuwa na jambazi, jina lake Miguu-Sita. Kichwa cha pembe pembe, shingo nyembamba, miguu sita. Ng'washi, usinikatize, najua utauliza nani mkubwa. Kwa mwili, Kichachu alikuwa mkubwa. Lakini nguvu za Miguu-Sita zilikuwa kwenye uzi wake, na uzi huo ulikuwa wa kutisha.

Alikuja, tuk, akatua mgongoni mwa Kichachu mmoja. Hakubisha hodi. Alitoboa ukuta, akaingiza uzi ndani, na uzi ukaamuru: acha kula, acha kujigawa, niundie Miguu-Sita mia. Uzi ukisema, mwili unatii. Maskini yule akavunja vyombo vyake, akavunja mpaka kitanda, akaunda Miguu-Sita mia. Halafu akapasuka, pwaa. Mia wakatoka. Mia wakatua kwa majirani, tuk, tuk, tuk. Pwaa, pwaa, pwaa. Maziwa yakakataa kuganda, yakaanza kunuka. Na mwenye kibuyu alikuwa ameshasema kwamba yakiharibika safari hii, atakisugua kibuyu kwa kaa la moto mpaka ndani pawe peusi. Kwa hiyo asiyepasuka angeungua, na ukoo wote wa Kichachu ungekwisha.

Kulikuwa na Kichachu mmoja aliyejibanza shingoni mwa kibuyu. Siku hiyo alitua juu yake Miguu-Sita mwenye uzi uliochakaa. Uzi ukaingia, ukafungua kinywa kuamuru, sauti haikutoka. Mwingine angemshukuru Mungu na kuutupa nje. Huyu alikuwa na mkono mwepesi. Akakata kiraka cha ule uzi, akakishona kwenye mkufu wake.

Mkufu wa Kichachu jamani, mimi nikiufikiria nywele zinanisimama. Ni ushanga, kiraka, ushanga, kiraka, ushanga, kiraka. Shanga zote ni za namna moja. Viraka ndivyo tofauti, kila kimoja kimetoka kwa jambazi aliyewahi kumvamia yeye au bibi zake. Na akijigawa, binti anatoka na mkufu ule ule, anawajua maadui ambao hajawahi kuwaona. Kidudu kisichoonekana, kinatunza kumbukumbu za ukoo kuliko sisi.

Na alikata kwa akili. Kwenye uzi wa jambazi, kando ya kile kiraka, palikuwa na fundo dogo. Alichukua kiraka, fundo akaliacha.

Haya, tuk. Amekuja Miguu-Sita mzima, mwenye uzi mpya.

"Karibu, Bwana," Kichachu akasema kwa unyonge. "Nakuomba tu uzi uingie wote. Ukibakiza hata ncha, watoto hawatafika mia."

Mlafi akisikia habari ya kupungukiwa hana subira. Akausukuma uzi wote, swiii, mpaka kichwa kikabaki kitupu, ngozi tu imesimama mlangoni.

Ndani Kichachu alikuwa na mkasi, na mkasi wenyewe kipofu. Akatoa nakala ya kile kiraka, akaunusisha, akauambia utafute kinachofanana nacho. Mkasi ukapita unanusa. Sicho. Sicho. Sicho. Ukafika kwenye mkufu wa Kichachu mwenyewe. Ndicho! Hapo Kichachu alishika pumzi, maana mkufu ule ukikatwa, yeye mwenyewe amekufa. Mkasi ukapapasa kando kutafuta fundo. Hakuna fundo, kuna ushanga. Ukapita. Ukafika kwenye uzi wa mgeni. Kiraka kipo. Fundo lipo. Kacha.

Uzi vipande viwili. Kacha, kacha, ukawa chakula.

"Mbona kimya humo ndani?" akauliza Miguu-Sita. "Watoto wangu wako wapi?"

"Nashona, Bwana. Endelea kusimama."

Akasimama, na hakuwa na kitu cha kurudi nacho. Kichachu akajigawa, chap, na mabinti wakajigawa, chap, chap, wote na mikufu shingoni. Maziwa yakaganda. Mwenye kibuyu akatikisa, akaonja, akalitupa kaa la moto.

Wasomi waliutazama mkufu ule miaka na miaka bila kujua kazi yake. Walipoijua, wakauazima mkasi. Wakagundua kwamba ukiupa kiraka chochote unachotaka wewe, utakwenda kukata hapo hapo, hata ndani ya mwili wa mtu. Nilipoelezwa hospitalini, niliweka mtungi chini nikakaa.

Unasemaje, Milembe? Eti naweza kukata na kwako?

Nakwambia ninachokijua. Wapo wagonjwa kama wewe waliokwisha kutibiwa kwa mkasi huo. Unakata kufuli lililoifungia damu waliyokuwa nayo tumboni mwa mama zao, ile isiyopinda, na mwili unaanza kuitengeneza tena. Hapa kwetu haujafika. Lakini upo, na ulitoka kwa vidudu ndugu wa hawa wa kibuyuni.

Kibuyu nimekitikisa, povu nawaachia nyinyi, mimi narudi na machicha. Na funzo lake, msije mkasema sikuwafunza: mtoto mwema hachukui kitu cha mtu, hata kipande kidogo namna gani.

Milembe, nimekuona ukichomoa uzi kwenye kanga yangu. Kaa nao.